Utafiti tendaji darasani: mwalimu akusanye data kwa njia gani?

Mwanachuo wa ualimu akifika mwaka wa mwisho, au mwalimu aliye kazini akirudi chuoni kujiendeleza, kuna kazi moja inayomnyima usingizi kuliko mtihani: utafiti tendaji. Anaambiwa achague tatizo la darasani kwake, alitafutie dawa, aijaribu dawa hiyo, kisha aandike alichokiona. Hadi hapo mambo ni mepesi. Ugumu unaanza kwenye sura ya njia za kukusanya data. Msimamizi mmoja anamtaka aandae dodoso, ataje sampuli na namna alivyoiteua, aweke asilimia kwenye majedwali. Wa pili anamwambia aachane na namba, aandike shajara na afanye mahojiano. Wa tatu anashikilia kwamba kazi yenyewe si utafiti, ni ripoti ya kazi tu.

Mwalimu aliyebanwa hivyo huchagua kilicho rahisi kukaguliwa. Anatengeneza dodoso la maswali kumi, linachapwa stesheneri, linagawiwa Jumatatu na kukusanywa siku hiyohiyo. Asilimia zinapatikana, kazi inasahihishwa, na tatizo la darasani linabaki palepale.

Uchambuzi huu unaipima kila njia kwa swali moja: data zitakazopatikana zitamsaidia mwalimu kuamua afanye nini wiki ijayo? Swali hilo linaonekana dogo, lakini linabadilisha mpangilio mzima wa njia zilizozoeleka.

Mkanganyiko umetoka wapi

Jina la utafiti tendaji hufungamanishwa na Kurt Lewin, mwanasaikolojia Myahudi aliyeihama Ujerumani mwaka 1933 na kuhamia Marekani. Katika makala yake ya mwaka 1946 alieleza kazi inayokwenda kwa mzunguko: unapanga, unatenda, unakusanya taarifa za kilichotokea, halafu unapanga upya kwa kutumia taarifa hizo. Katika mzunguko huo data hazisubiri mwisho wa safari. Zinahitajika katikati ya njia, wakati bado kuna nafasi ya kugeuka. Mwaka 1953 Stephen Corey wa Teachers College, Columbia, aliandika kitabu kilichoihamishia njia hiyo shuleni. Mwaka 1975 Mwingereza Lawrence Stenhouse alijenga hoja kwamba mtaala hauwezi kuboreshwa bila mwalimu mwenyewe kuwa mtafiti wa ufundishaji wake.

Kwetu historia hii si ya kuazima yote. Kati ya mwaka 1970 na 1974 Budd Hall alifanya kazi katika Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, Dar es Salaam, na kutokana na kazi za namna hiyo mawazo ya utafiti shirikishi yalisambaa kimataifa. Kuanzia mwaka 1975 mradi wa Jipemoyo, ulioongozwa na Marja-Liisa Swantz kutoka Finland kwa kushirikiana na serikali ya Tanzania, uliwashirikisha wanavijiji wa Bagamoyo kama watafiti wenzake, si watu wa kujibu maswali tu. Kwa hiyo anayesema kwamba utafiti usio na dodoso ni mtindo mpya wa kigeni anasahau kwamba Tanzania ilikuwa miongoni mwa mahali ulipolelewa.

Kinachowagonganisha wasimamizi ni kuchanganya maswali mawili tofauti. Utafiti wa kawaida wa kitaaluma huuliza: je, ninachokiona hapa ni kweli na kwingine? Ndiyo maana unahitaji sampuli, maana hauwezi kumfikia kila mtu. Utafiti tendaji huuliza: je, hiki ninachofanya kinafanya kazi hapa, na kwa nini? Darasa la tatu B si sampuli ya kitu chochote. Ndilo lenyewe linalotafitiwa, na wanafunzi wake wote wapo. Lakini vyuo vyetu vimerithi mpangilio wa tasnifu wa sura tano, na mwongozo wa kusahihishia una alama za sampuli. Mwalimu analazimika kujaza nafasi isiyohusiana na swali lake.

Dodoso: kasi kubwa, kina kidogo

Wanaolitetea dodoso wana hoja za kweli. Darasa lina wanafunzi 80 au zaidi, na mwalimu mmoja hawezi kuzungumza na kila mmoja. Dodoso huwafikia wote kwa kipindi kimoja, na majibu yanahesabika. Likijazwa bila jina, mtoto mwenye haya anaweza kusema asilothubutu kulisema mdomoni. Kwa maswali ya hali halisi (nani anasoma nyumbani kwa taa ya aina gani, anatembea dakika ngapi kufika shule, ana kitabu au hana) hakuna njia nyepesi zaidi.

Udhaifu wake unajitokeza pale mwalimu anapolitumia kupima uelewa au mtazamo wa wanafunzi wake mwenyewe. Msikilize mwalimu yeyote anapomaliza kueleza hatua ngumu ubaoni. Anageuka na kuuliza, "Mmeelewa?" Darasa zima linajibu kwa pamoja, "Ndiyooo!" Wapo waliojibu kwa sababu wameelewa, wapo waliojibu kwa sababu jirani amejibu, na wapo wanaojua kwamba kusema hapana ni kumkosea adabu mwalimu au kujiita ubaoni. Sasa chukua swali hilohilo, liandike kwenye karatasi, weka chini yake "Nakubali kabisa, nakubali, sina uhakika, sikubali, sikubali kabisa", kisha mwalimu yuleyule asimame mbele akisubiri karatasi zirudi. Umebadilisha karatasi tu. Heshima, hofu na mazoea ya kujibu kwa pamoja bado yamo.

Tatizo la lugha linaongeza uzito. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza nchini Tanzania ametoka kusoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, isipokuwa kama alisoma shule ya Kiingereza. Akipewa dodoso la Kiingereza kuhusu somo la biolojia, jibu lake linapima Kiingereza chake kabla halijagusa biolojia. Akipewa dodoso la Kiswahili, mwalimu atalitafsiri ili liingie kwenye ripoti ya Kiingereza, na maneno mazuri ya mtoto yanafia njiani. Kati ya hasara hizo mbili, ya pili ni afadhali, mradi maneno ya awali yahifadhiwe kwenye kiambatisho.

Mahojiano na majadiliano ya vikundi

Upande wa pili wako wanaosema namba haziwezi kueleza kwa nini. Wana haki. Mtoto anayechelewa kila Jumatano ataonekana kwenye daftari la mahudhurio kama alama tu. Ukizungumza naye utajua kwamba Jumatano ni siku ya gulio na ndiye anayembebea mama yake mizigo. Hakuna jedwali litakalokupa hilo.

Ila mahojiano yana ugonjwa uleule wa dodoso, na pengine umezidi, kwa sababu mtoto sasa anamtazama mwalimu usoni. Majadiliano ya kikundi cha watoto sita hadi wanane hupunguza hofu hiyo, lakini huleta nyingine: mmoja msemaji anatawala na waliobaki wanamwitikia. Dawa inayofanya kazi ni mwalimu mwingine kuendesha mazungumzo, asiyefundisha somo hilo na asiyesahihisha karatasi zao, na mazungumzo yenyewe kufanyika kwenye kitu kinachoshikika: "Nionyeshe ulivyofanya swali hili." Swali la namna hiyo halimtaki mtoto amsifu wala amlaumu mtu.

Jicho la mwenzako

Mwalimu akiwa ubaoni hawezi kujiona. Mwenzake akikaa nyuma na karatasi yenye mchoro wa madawati, akachora kijiti kila mara mwanafunzi anapoulizwa swali, vinne vikisimama na cha tano kikivikata, baada ya dakika 40 karatasi hiyo huwa na habari ambayo mwalimu mwenyewe asingeiamini kwa kusimuliwa. Vijiti vimerundikana safu za mbele na upande wa dirisha. Nyuma kuna madawati matupu ya vijiti kwa kipindi kizima. Kazi hiyo haikuhitaji fedha, na mpango wa wiki ijayo umeshapatikana kwa kuangalia tu.

John Elliott na Clem Adelman, katika mradi wa Ford Teaching Project nchini Uingereza miaka ya 1970, waliupa utaratibu huu nguvu zaidi. Walikusanya maelezo ya kipindi kimoja kutoka pande tatu: mwalimu, wanafunzi, na mtu aliyekuwa akitazama. Pande tatu zikikubaliana, mwalimu ana msingi wa kusonga mbele. Zikipishana, hapo ndipo penye jambo la kuchunguza, na mara nyingi mpishano huo una faida kuliko makubaliano.

Kikwazo kikubwa cha njia hii kwetu hakiko kwenye mbinu. Kiko kwenye kumbukumbu ya ukaguzi. Kenya, kumtazama mwalimu akifundisha ni sehemu ya TPAD, mfumo wa Tume ya Huduma za Walimu wa kutathmini utendaji. Tanzania, mtu mwenye karatasi nyuma ya darasa humkumbusha mwalimu mthibiti ubora wa shule. Mwalimu anayejua anatazamwa kwa tathmini huandaa kipindi cha maonyesho: zana zote zinatoka kabatini, wanafunzi hodari wanaulizwa, na data zinazopatikana ni za siku ambayo haitarudi tena. Kwa sababu hiyo karatasi ya vijiti inapaswa kubaki mali ya mwalimu aliyetazamwa. Mwenzake akishamaliza amkabidhi palepale, na isiende ofisini kwa mwalimu mkuu. Mikutano ya Jumuiya za Kujifunza chini ya MEWAKA, mpango wa Tanzania wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, inaweza kulea utaratibu huu vizuri, ikiwa tu mikutano hiyo itabaki ya walimu kusaidiana na si ya kujaziana fomu.

Daftari la mwanafunzi

Njia inayopuuzwa kuliko zote imelala juu ya meza ya mwalimu kila jioni. Ni rundo la madaftari.

Tuchukue hesabu moja ya kutoa ya darasa la tatu: 52 − 27. Jibu sahihi ni 25. Mwalimu anasahihisha na kukuta watoto wengi wameandika 35. Anaweka mkasi, anajumlisha alama, na kwenye ripoti anaandika kwamba asilimia fulani wamekosa. Data imekwisha kutupwa.

Angalia tena hizo 35. Mtoto wa kwanza alifika kwenye mamoja akakuta 2 juu na 7 chini. Aliona kubwa haitoki kwenye ndogo, akageuza: 7 toa 2, akapata 5. Kwenye makumi, 5 toa 2, akapata 3. Jibu 35. Mtoto wa pili alijua kukopa. Kuna kamoja kadogo alikokaandika kando ya 2, ikawa 12; akatoa 7, akapata 5. Alichosahau ni kuipunguza ile 5 ya makumi aliyoikopa. Akafanya 5 toa 2, akapata 3. Jibu ni 35 ileile. Mtoto wa tatu aliandika 30: aliona 2 toa 7 haiwezekani, akaweka sifuri, akaendelea.

Hapo kuna makosa matatu na dawa tatu. Wa kwanza anahitaji kurudi kwenye njiti zilizofungwa kumikumi au visoda, aone kwa mikono yake kwamba fungu la kumi linaweza kufunguliwa. Kumwelekeza akate namba na kuandika moja pembeni kutamwongezea tu hatua asizozielewa. Wa pili anaelewa tayari, anahitaji mazoea ya kukata 5 na kuandika 4 juu yake kabla hajaendelea. Wa tatu hajui kwamba hesabu hii inawezekana kabisa. Mwalimu akiwafundisha wote kwa dawa moja, atawachosha wengine na kuwaacha wengine. Na dodoso lisingeweza kumwonyesha tofauti hizi hata lingekuwa na maswali mia, kwa sababu mtoto mwenyewe hajui kwamba anakosea kwa namna gani.

Daftari lina mipaka yake pia. Kazi ya nyumbani huenda ilifanywa na kaka. Watoto wanaoketi watatu dawati moja hunakiliana. Na mahali ambapo mtoto alifuta kwa kifutio, ushahidi umefutika pia. Njia nyepesi ya kulikabili hilo ni kazi fupi ya dakika kumi darasani, maswali matano, kalamu ya wino na agizo moja: usifute, ukikosea piga mstari. Kisha mwalimu achague watoto watatu au wanne kila siku, akae nao wamweleze walivyofanya. Mazungumzo haya yana nguvu ambayo mahojiano ya kawaida hayana, kwa sababu yanasimama juu ya karatasi iliyo mbele yao wote wawili.

Mantiki hii ya kumtaka mtoto afanye badala ya kumwuliza kama anaweza ndiyo iliyoipa uzito tathmini ya Uwezo nchini Kenya, Tanzania na Uganda. Watoto walifuatwa majumbani na kupewa silabi, maneno, aya na hadithi wasome. Tathmini ile si utafiti tendaji, maana ililenga picha ya nchi nzima, lakini ngazi zake nne mwalimu anaweza kuzitumia kesho asubuhi kwa darasa lake.

Shajara nayo inahitaji maneno machache tu. Mistari mitano kila siku, yenye tarehe, ikitenganisha kilichoonekana na mwalimu alichokifikiria, inatosha. Ikiandikwa yote usiku mmoja kabla ya kukabidhi ripoti, si data tena.

Namba na mitego yake

Wapinzani wa utafiti tendaji wana hoja moja ambayo watetezi wake huikwepa, na haifai kukwepwa. Mwalimu ndiye aliyebuni dawa, ndiye anayeitoa, na ndiye anayepima kama imeponya. Atakosaje kuona nafuu?

Mtego wa kawaida kabisa uko kwenye kuchagua wanaolengwa. Mwalimu anatoa jaribio, anachukua wanafunzi 20 wa mwisho kati ya 80, anawafundisha kwa njia mpya wiki nne, anatoa jaribio jingine na kukuta wengi wamepanda. Lakini miongoni mwa wale 20 kulikuwa na mtoto aliyefanya jaribio la kwanza akiwa na homa ya malaria, mwingine hakuwa amekula tangu jana, mwingine alikosa kalamu na kuanza amechelewa. Hao wangepanda hata mwalimu asingefanya lolote. Kundi lolote lililochaguliwa kwa kufanya vibaya siku moja huelekea kurudi karibu na hali yake ya kawaida siku nyingine. Tiba ni kupima mara mbili kabla ya kuanza, kwa siku tofauti, na kuwafuatilia wote 80 na siyo wale 20 pekee.

Mkondo wa pili kama kipimo cha kulinganisha unasaidia, ila una bei ya kimaadili: je, tuwanyime watoto wa mkondo B njia tunayoiamini? Utaratibu wa haki ni kuwachelewesha wiki kadhaa, si kuwanyima, na kuandika wazi lini walianza. Na kama jaribio la mwisho ni lilelile la mwanzo, kilichopimwa kinaweza kuwa kumbukumbu ya maswali.

Asilimia nazo zinahitaji kiasi. Walimu wawili kati ya watatu wakikubali, waandikwe hivyo, "wawili kati ya watatu". Kuandika 66.67% ni kuvisha maoni ya watu wawili vazi la umati.

Ridhaa

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Video za darasa zilizo kwenye simu ya mwalimu, au picha ya daftari lenye jina la mtoto iliyorushwa kwenye kundi la WhatsApp la walimu, ni taarifa binafsi za mtoto. Ugumu uko kwenye ridhaa yenyewe: mtoto hawezi kwa urahisi kumwambia mwalimu wake hapana. Suluhisho linalofaa ni kutenganisha mambo mawili. Kufundishwa kwa njia mpya ni sehemu ya kazi ya mwalimu na kila mtoto anafundishwa. Lakini daftari lake kuingia kwenye ripoti ni hiari, mzazi aulizwe kwa lugha anayoielewa, na jina libadilishwe kuwa namba tangu siku ya kwanza.

Tukiziweka kwenye mizani

Kwa swali tulilolianza nalo, uzito hauendi sawa kwa kila njia. Kwa tatizo la ujifunzaji, kazi za wanafunzi ndizo za kutangulia, zikifuatwa na mazungumzo mafupi juu ya kazi hizo. Kwa tatizo la ufundishaji, kwa mfano nani anaulizwa na nani anasahaulika, jicho la mwenzako halina mbadala. Shajara inaziunganisha kwa sababu ndiyo inayobeba tarehe. Dodoso linabaki na nafasi yake halali kwenye hali za nyumbani na za shuleni, na ni vizuri ligawiwe na mtu mwingine. Wanaodai namba wapewe namba, lakini za makosa yaliyoainishwa: wangapi waligeuza, wangapi walisahau kupunguza makumi, wangapi waliweka sifuri, wiki ya kwanza, ya tatu na ya sita.

Bei ya mpangilio huu ni muda. Mwalimu mwenye vipindi karibu thelathini kwa wiki hawezi kuchambua madaftari 80 kila siku, na kumtaka afanye hivyo ni kumfundisha kughushi. Anaweza kuchambua swali moja la madaftari yote mara moja kwa wiki, na watoto wanne kwa kina kila siku. Kwa wiki sita atakuwa amezungumza na kila mtoto wa darasa lake walau mara moja na bado amefundisha.

Vyuo vina njia ya kulifanya hili liwezekane bila kuvuruga mitaala. Kwenye mwongozo wa kusahihishia ripoti za utafiti tendaji, nafasi ya sampuli iondolewe na mahali pake pawekwe safu mbili: tarehe ambayo mwalimu alibadilisha mpango wake, na data iliyomfanya aubadilishe.